Seva Bado Inamwandikia Koku

Kokushubila, Koku kwa waliomzoea, aliachishwa kazi kwa maneno yake mwenyewe. Aliyasema kwenye kikao cha wafanyakazi wa zahanati, akiwa amesimama karibu na friji ya chanjo, na aliyasema kwa furaha.

"Kuanzia leo mashine itakuwa inajiziba matundu yenyewe," alisema. "Hata mie nisipokuwepo."

Wauguzi walipiga makofi. Daktari Valerian, mwenye zahanati, aliitikia kwa kichwa. Mkewe, Mama Demetria, aliyeshika fedha na funguo zote za jengo, hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama Koku kama mtu aliyesikia jambo la maana na anataka kwenda kulifikiria pembeni.

Zahanati ile iko Goba, chini kwenye mteremko, upande wa njia inayokwenda Mbezi Luis. Koku aliingia hapo kama karani wa chumba cha kadi. Alizaliwa Muleba, akamaliza kidato cha nne, akaja Dar kwa shangazi yake aliyekuwa anakaa Temeke, na kwa miaka mingi alichapa barua na wasifu wa watu katika duka la stesheneri. Kwenye chumba cha kadi alikuta maboksi yaliyoliwa na mchwa na majina yaliyofutika kwa maji ya mvua. Mgonjwa akija mara ya pili alianza upya kueleza maisha yake yote, kwa sababu kadi yake haikuonekana.

Daktari alipoamua kununua kompyuta, alikuja fundi mmoja anaitwa Rogers. Aliweka chini ya meza mashine moja, seva, iliyotunza habari za wagonjwa wote, na kompyuta nyingine zote za zahanati zikawa zinaiuliza hiyo. Aliiwekea mfumo wa Linux kwa kuwa haudai ada ya leseni. Koku alikuwa anakaa nyuma ya kiti chake na kuuliza maswali mpaka Rogers akacheka: "Sista, si unikalie tu kichwani." Lakini alimfundisha. Alipohamia Dodoma, seva ilibaki mikononi mwa Koku.

Alichoelewa mapema, na ambacho hakuweza kumwelewesha mtu yeyote pale, ni hiki. Programu zote zina matundu. Wanaozitengeneza wakigundua tundu, wanatoa kiraka cha kuliziba na wanatangaza. Tatizo ni kwamba wezi nao wanasoma tangazo hilohilo. Kwa hiyo kiraka kikishatoka, mashine ambayo haijakipata iko wazi zaidi kuliko ilivyokuwa jana yake. Na seva ya Goba ilikuwa na mlango unaotazama nje, maana Daktari alitaka kusoma taarifa za siku akiwa nyumbani kwake sebuleni.

Mwanzoni Koku aliweka viraka kwa mkono, kila Jumamosi, wagonjwa wakishapungua. Kisha mama yake akafariki. Alikwenda Muleba kuzika, akakaa matanga, akakaa tena kugawana nguo za marehemu na kusikiliza maneno ya ndugu. Aliporudi alifungua kumbukumbu za seva akakuta alama za watu wasiojulikana waliokuwa wanagonga ule mlango siku zote alizokuwa msibani, wakijaribu neno la siri moja baada ya jingine. Hawakuingia. Lakini Koku alizisoma alama zile mpaka mwisho. Aliona kuwa usalama wa wagonjwa wote wale ulikuwa unategemea yeye asipate msiba.

Ndipo akapanga masasisho ya kujiendesha. Programu ya kazi hiyo ilikuwemo tayari kwenye mfumo, ilihitaji kuelekezwa tu. Aliiambia ilete viraka vya usalama peke yake, isiguse mengine, ili mtu asije akaamka akakuta kila kitu kimebadilika sura. Aliipangia alfajiri, kabla maabara haijafunguliwa. Aliiruhusu ijizime na kujiwasha pale kiraka kinapohitaji hivyo, alfajiri hiyohiyo. Mwisho kabisa kulikuwa na mstari unaouliza: taarifa ipelekwe kwa nani? Akaandika anwani yake mwenyewe ya barua pepe, na akachagua iandikwe kila siku, pawe na tatizo au pasiwe.

Tangu hapo, kila alfajiri kabla hajabandika chai, simu ililia mara moja. Barua yenyewe ilikuwa fupi na kavu: viraka hivi vimewekwa, hakuna hitilafu. Koku aliisoma kama mzazi anavyosoma salamu za mtoto aliyeko shule ya bweni. Hajambo. Basi.

Kazi nyingine aliyobaki nayo ilikuwa ya Ijumaa: kunakili habari zote za wagonjwa na mipangilio yote ya seva kwenye diski ndogo, na kwenda nayo nyumbani ndani ya mkoba. Daktari ndiye aliyemwagiza. Masika moja maji yalishuka na mteremko yakaingia mpaka mapokezi, na akamwambia, "Koku, wewe unakaa juu kilimani. Peleka kwako hicho kitu, huku tutakuja kuogelea." Wote wawili walicheka. Hakuna aliyeandika popote.

Baada ya kile kikao haukupita muda, Daktari alimwita ofisini.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Kaa, Koku." Alikuwa anazungusha kalamu. "Ulituambia mashine sasa inajifanyia yenyewe."

"Ndiyo, Daktari. Viraka vya usalama. Lakini inataka mtu wa kuiangalia."

"Si ulisema hata usipokuwepo?"

Alisema hivyo kweli.

"Wilfred amemaliza diploma ya kompyuta," Daktari alisema. "Mpwa wake Mama Demetria. Atakaa mapokezi, na mashine ataiangalia hukohuko. Zahanati ni ndogo, unajua mwenyewe. Wewe nitakusemea vizuri popote utakapokwenda. Neno langu hilo."

Wilfred alikuwa kijana mpole, wala hakuwa mjinga. Koku alimkabidhi kazi kwa siku kadhaa na alimwonyesha kila kitu, mstari kwa mstari. Walipofika kwenye ule mstari wa anwani, kidole cha Koku kilisimama kidogo juu ya kioo, kisha kikashuka kwenye mstari unaofuata. Alijiambia atamwambia kesho. Kesho hakumwambia. Mstari ule ulikuwa kitu pekee pale ambacho bado kilimjua kwa jina.

Diski ndiyo aliyoisahau kweli. Aliikuta nyumbani wiki iliyofuata, imefungwa kwenye kipande cha kitenge, juu ya kabati. Akampigia Wilfred.

"Haina neno, dada. Tutaifuata."

Hakuna aliyeifuata.

Barua za alfajiri zikaendelea kuja. Koku hakuwa na kazi ya kuamkia, lakini aliamka saa ileile, akazisoma, akabandika chai. Kisha siku moja simu haikulia alfajiri. Ililia jua limeshatoka, wakati watoto wa shule wameshapita dirishani. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Akampigia Mwamvita, muuguzi wa chanjo, mwanamke wa Lindi ambaye walikuwa wakila pamoja mchana.

"Umeme unakatika huko kwenu usiku?"

"Wala. Mama Demetria anazima meni swichi akishafunga. Anasema umeme wa LUKU unaliwa na mashine isiyolala. Betri yenu ile ya kubeba mashine umeme ukikatika inalia pii pii mpaka inachoka, mlinzi anasema anadhani kuna kifaranga humo ndani."

"Kwa hiyo asubuhi ndo inaanza kuvuta viraka vyake."

"Mie sijui inavuta nini. Najua foleni ikianza, mashine inakuwa nzito kama imekula makande. Watu wanafoka. Basi Wilfred anafanya zima-washa, tunaendelea."

"Anaizima ikiwa katikati ya kazi?"

"Koku, shoga yangu, mie nitajuaje katikati yake iko wapi?" Mwamvita alicheka. "Inazimwa, inawashwa. Kama king'amuzi."

Koku hakucheka. Kiraka kikikatwa katikati, kinabaki nusu ndani, nusu nje, na vyote vinavyokuja nyuma yake vinakwama mlangoni. Na ndivyo ilivyokuwa. Haikupita wiki, barua ikabadilika maneno: masasisho yameshindwa. Kesho yake, yameshindwa. Kesho kutwa, yameshindwa. Kila siku orodha ya vilivyokwama ilirefuka.

Alimwandikia Wilfred kwenye WhatsApp, kwa adabu, akamwekea na amri ya kuandika, mstari mmoja tu, na namna ya kumwomba shangazi yake, Mama Demetria, asizime swichi. Wilfred alimjibu kwa kidole gumba. Barua ya kesho yake ilisema yameshindwa.

Wakati huo Koku alikuwa ameshafanya usaili katika shule moja ya sekondari ya binafsi, Mbezi Luis. Walitaka mtu wa kuangalia maabara ya kompyuta. Mwalimu Herieth, mkuu wa shule, alimpenda. Alimuuliza maswali mengi na kuandika majibu. Alipomsindikiza mpaka getini alisema, "Kilichobaki ni kuongea na mwajiri wako wa zamani tu." Koku alirudi nyumbani akiwa ameshikilia sentensi hiyo. Kila kitu kilikuwa kwenye ulimi wa Daktari Valerian.

Hata hivyo alimpigia Daktari. Alipanga maneno yake kwanza.

"Daktari, samahani kukusumbua. Seva iko wazi. Viraka haviingii tena. Wilfred akiandika mstari mmoja tu inapona."

"Umejuaje?"

"Inaniandikia barua pepe, Daktari. Kila siku."

Ikasikika sauti ya Mama Demetria pembeni, maana simu ilikuwa imewekwa spika. "Huyu naye kama mke aliyepewa talaka, bado anapita kuchungulia jikoni chakula gani kinapikwa. Mwambie mashine ni ya watu."

"Koku," Daktari alisema, "tuachie. Kuna kijana anashughulika."

Alimwachia. Angeweza kupiga tena, angeweza kwenda mwenyewe. Lakini alifikiria Mwalimu Herieth na simu ambayo ingepigwa siku yoyote, na akaona kwamba kila neno atakaloongeza kuhusu ile mashine linamweka mbali na kazi ya shule. Kwa hiyo alinyamaza. Kila asubuhi simu ililia, alisoma, alinyamaza.

Mwamvita ndiye aliyempigia, siku ya kliniki ya sukari na presha.

"Koku, kompyuta zote zimeandika maandishi mekundu. Kizungu. Wilfred anasema wametufungia mafaili yote, wanataka walipwe ndo wafungue. Na nakala alizokuwa anaweka, kumbe aliweka humohumo ndani ya mashine. Nazo zimefungwa." Nyuma yake palikuwa na kelele za watu. "Mzee Jabiri yuko hapa mbele yangu. Anasema vidonge vyake alibadilishiwa mara ya mwisho, hakumbuki kipi kilitolewa na kipi kimeongezwa. Ananiuliza mie. Mie nimwambie nini?"

Koku alimjua Mzee Jabiri. Alikuwa anakuja na vidonge vyote vimechanganywa kwenye kopo moja la maziwa.

Alikaa kitandani akalitazama kabati. Juu yake, ndani ya kitenge, zilikuwepo habari za wagonjwa wa Goba mpaka Ijumaa ya mwisho aliyofanya kazi. Dozi ya Mzee Jabiri ilikuwemo, maana alibadilishiwa kabla Koku hajaondoka; aliiingiza mwenyewe. Lakini diski ile ilikuwa pia kitu kingine. Ilikuwa habari za siri za wagonjwa, nyumbani kwa mtu aliyeachishwa kazi, wiki ileile ambayo mashine imevamiwa, na mtu huyohuyo ndiye aliyepiga simu kusema mashine iko wazi. Hakuhitaji kusomea upelelezi kuona inavyoonekana. Akiitupa chooni, hakuna atakayejua, na kazi ya shule ataipata.

Akaichukua, akaiweka kwenye mkoba, akashuka mteremko kwa miguu.

Ofisini walikuwepo Daktari, Mama Demetria, na Wilfred aliyekaa kwenye stuli na macho mekundu. Koku aliwaamkia. Daktari aliitikia nusu. Akaifungua diski kwenye kitenge, akaiweka mezani.

"Habari zote zimo, mpaka siku niliyoondoka. Na mipangilio yote. Wilfred afute mashine, aanze upya, arudishe hii. Mzee Jabiri anasubiri nje."

Hakuna aliyeigusa.

"Hii imetoka wapi?" Mama Demetria aliuliza.

"Kwangu. Daktari aliniagiza niwe naenda nayo nyumbani, kwa ajili ya mafuriko. Nilimpigia Wilfred aje kuichukua."

Mama Demetria alimgeukia mumewe. Daktari alikuwa anatazama kalamu yake. "Mambo ya masika yale," alisema polepole. "Lakini baada ya kuondoka, Koku, baada ya kuondoka hiki kitu kilikuwa kinafanya nini kwako?"

"Nilisema mje kukifuata."

"Na ulijuaje kama tutavamiwa? Ulisema kabisa kwenye simu, mashine iko wazi. Mie nilisikia kwa masikio yangu," alisema Mama Demetria.

Koku alitoa simu yake, akafungua zile barua, akaisogeza mezani. Alidhani ndiyo itakayomtetea. "Hizi hapa, zote. Angalieni tarehe. Kila siku inalalamika imeshindwa."

Mama Demetria aliisogeza juu chini kwa kidole kimoja. "Kwa hiyo mpaka jana ulikuwa unaingia kwenye mashine yetu."

"Siingii, Mama. Neno langu la siri Wilfred alilifuta siku ileile nilipomaliza kukabidhi. Yenyewe ndiyo inaniandikia. Ni kama mtu akikutumia barua. Hujaingia nyumbani kwake."

"Barua zinatumwa kwa wenyewe. Wewe ni nani wake?"

Koku alimgeukia Wilfred. Wilfred alikuwa anajua. Kati ya watu wote waliokuwemo mle ndani, ni yeye peke yake aliyeelewa tofauti ya kuandikiwa na kuingia, na ni yeye aliyepewa ule mstari mmoja wa kuandika akajibu kwa kidole gumba. Sentensi moja tu ingetosha.

"Wilfred, waambie."

Wilfred aliutazama mlango. "Mie sijui dada alikuwa anafanyaje," alisema. "Ndo nachunguza."

Daktari alivuta pumzi ndefu. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua diski, akampa Wilfred, na Wilfred akainuka nayo haraka kama mtu aliyeambiwa aondoke. Mlangoni alisimama kidogo, mgongo ukiwa kwao, akatoka.

"Hatutakwenda polisi," Daktari alisema. "Umekaa na sisi muda mrefu. Chochote kilichotokea, Koku, sisi tumekusamehe."

Alitaka kuuliza amesamehewa nini. Alitazama uso wa Daktari akaona kwamba mzee amejisikia vizuri kusema vile, uso umelegea, na kwamba akiuliza, msamaha wenyewe utaondolewa mezani. Akakunja kitenge chake kitupu, akakiweka kwenye mkoba.

"Asante, Daktari," alisema.

Nje, Mzee Jabiri alikuwa kwenye benchi na kopo lake. "Binti, umerudi kazini?"

"Hapana, baba. Nimepita tu. Watakuita sasa hivi."

Jioni Mwamvita alimpigia kumwambia habari za wagonjwa zimerudi, vidonge vya mzee vimeonekana, Wilfred amesifiwa mbele ya watu wote. "Wanasema kijana ameokoa zahanati," alisema. "Mie nilikuwa nimesimama pale, Koku. Sikusema kitu. Nina watoto."

"Najua, Mwamvita."

Mwalimu Herieth alikuwa muungwana. Alimpigia mwenyewe badala ya kukaa kimya. Alisema Daktari amemsifu sana kwa kazi, kwa bidii na kwa kuwahi. Ila alitaja kwamba palikuwa na jambo la usalama, na kwamba walimsamehe. "Unaelewa, dada yangu. Sisi hapa tuna watoto wa watu." Koku alisema anaelewa.

Mama Demetria aliacha kuzima meni swichi. Hilo walijifunza. Siku chache baadaye, alfajiri, giza bado halijatoka vizuri, simu ya Koku ililia mara moja. Alijua mlio ule kabla hajafungua macho. Wilfred alirudisha kila kitu kilichokuwa kwenye diski, habari na mipangilio, mstari kwa mstari, na ule mstari wa anwani ukiwemo. Viraka vyote vimewekwa, ilisema barua. Hakuna hitilafu.

Alimwandikia Wilfred: "Badilisha anwani ya taarifa, weka yako. Iko kwenye faili nililokuonyesha." Alama mbili za bluu zikatokea. Jibu halikuja, na alfajiri iliyofuata simu ililia tena.

Angeweza kuizuia isimfikie. Ni kubonyeza mara moja tu. Hakubonyeza. Alifikiri kwamba siku ambayo barua itasema imeshindwa, atakuwa mtu pekee Goba nzima anayejua, na safari hii hatamwambia mtu. Aliligeuza wazo hilo kichwani kila asubuhi, wakati maji ya chai yanachemka, na hakuwahi kupata uhakika kama ni kweli.